Tulivyomtafuta fundi wa maksai Ntobeye

Mzazi mwenzangu, kama una wakwe kijijini unajua kwamba simu ya usiku huwa na mambo mawili, msiba au fedha. Simu ya mama mkwe wangu ya Juni 2025 ilikuwa ya fedha, ila nyuma yake kulikuwa na kidonda ambacho hakijapona vizuri mpaka leo.

Mama anaishi kata ya Ntobeye, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Ni mjane. Migomba na kahawa inayozunguka nyumba anaimudu, lakini shamba la bondeni la mahindi na maharage limeanza kumshinda. Ngara ni nchi ya vilima na jembe la mkono, na jembe la mkono halina huruma na mgongo wa miaka sitini na kitu. Ndiyo maana sisi watoto tulichanga tukanunua njeku wawili. Wazo lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayekaa na mama: tuwahasi, wafundishwe, walime bondeni na kuvuta mkokoteni wa ndizi na kuni.

Mwaka 2024 tulijaribu. Fundi tuliyemwajiri, ambaye jina lake naliacha, alikuja na koleo na pete ya chuma, akamtoboa pua mmoja wa njeku siku ya kwanza, kabla mnyama hajazoea hata kushikwa. Siku ya tatu ng'ombe alishtuka akarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Pete ikachana pua. Shemeji alikuwa ameizungusha kamba mkononi, akavunjika kifundo cha mkono. Fundi aliondoka na fedha yake, akasema tumemletea ng'ombe mkaidi. Kidonda kiliingia funza, na bila bwana mifugo wa kata tungempoteza yule njeku.

Sasa mama alikuwa ananiambia kuna fundi mwingine, kijana mwenye sifa nyingi, anataka shilingi laki nne pamoja na vifaa. Laki nne ndiyo tuliyokuwa tumeiweka kwa mahitaji ya shule ya binti yetu. "Safari hii siamui peke yangu," mama akasema. "Njoo uone kwa macho yako."

Mume wangu alikuwa kazini. Nikafunga mizigo, mimi na binti yangu wa darasa la sita, tukaondoka Mwanza alfajiri.

Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa na siku chache tu tangu lifunguliwe. Wanaoijua njia hii wanakumbuka tulivyokaa pale tukingoja kivuko, watoto wakilia, wauza mahindi wakizunguka madirishani. Safari hii tulivuka kilomita 3 za ziwa kwa dakika chache, na abiria karibu wote walisimama kupiga picha. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, halafu Biharamulo yenye boma lake la Wajerumani. Kuanzia hapo mpaka Lusahunga na kuendelea unaanza kuhisi umekaribia mpaka, maana malori ya kwenda Rwanda na Burundi ndiyo yenye barabara, nyie wengine mnapita kwa hisani yao.

Binti alikuwa na simu yangu. Video aliyokuwa akiitazama ilikuwa ya mzungu mwenye kofia pana akimfundisha farasi kwenye uwanja wa mviringo. Farasi anazunguka, bwana anainua fimbo ndefu ya rangi ya chungwa, farasi anasimama na kumfuata kama mbwa. Mwisho wa video likaja tangazo la fimbo yenyewe, kamba yake na hatamu yake, kila kimoja na bei. Kwa bei ile ya hatamu unapata mbuzi mzuri Ngara.

"Mama, kwa nini bibi asinunue farasi?"

Nilimwonyesha pori lililokuwa upande wa dirisha. Sehemu kubwa ya mapori ya huku sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, na kwa miaka mingi yamekuwa makazi ya ndorobo. Ndorobo hueneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha ng'ombe na kumuua farasi haraka zaidi. Daktari David Bruce aligundua kisababishi chake huko Zululand katika miaka ya 1890, lakini wafugaji walikuwa wanajua siku nyingi kwamba kuna mahali hupitishi mifugo. Ndiyo sababu mwanao anaweza kukulia Kagera asione farasi ila kwenye simu.

"Basi hiyo fimbo ya chungwa inafaa na kwa ng'ombe?" akauliza. Sikuwa na jibu. Nilianza kuwaza kwamba swali lake na swali la mama mkwe ni moja.

Tulishuka Benaco jua likielekea kuzama. Watu wa umri wangu wanalikumbuka jina hili redioni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na vilima hivi vikafunikwa na mahema. Leo ni senta ya magari yenye mishikaki na vyumba vya kulala wageni. Tulipata gari dogo la kuelekea Ngara, na kutoka hapo bodaboda mbili mpaka kwa mama. Juni ni kiangazi, vilima vimekuwa vya rangi ya majani makavu, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Jioni kuna baridi. Kama unakuja na watoto, sweta usiache.

Kwa mama tulipokewa kwa uji wa mtama na lawama za kuchelewa. Wenyeji wa hapa huzungumza Kihangaza, ambacho mtu wa Burundi anakielewa bila shida, na mama na shemeji wakianza kubishana kwa Kihangaza mimi hubaki kusoma nyuso. Usiku ule walibishana sana. Niliambulia neno "laki nne" mara tano.

Asubuhi binti alikwenda zizini na kurudi na habari kwamba ng'ombe hawana majina. Kabla ya chai alikuwa amewapa. Mwekundu mwenye pua iliyochanika ni Yanga, mweusi mwenye baka jeupe ni Simba. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Hao hawatavuta nira moja hata siku moja!"

Kijana mwenye sifa alikuja saa nne kwa pikipiki. Naomba nimtendee haki. Alikuwa na adabu, alimsalimia mama kwa magoti yaliyokunjwa, na hakuwa tapeli. Alifungua begi akapanga vitu juu ya mkeka kama mwuza dawa: hatamu yenye mnyororo unaobana taya, pete mbili za pua, koleo, mjeledi wa ngozi na kifaa cha betri cha kushtua ng'ombe, ambacho alisema kimetoka nje ya nchi. Alieleza kila kimoja. Alitumia neno "kisasa" mara nyingi. Alisema kwa vifaa hivi ng'ombe yeyote analima ndani ya wiki moja, na vifaa vinabaki kwetu, ndiyo maana bei ni ile.

Shemeji alikuwa ameshakubali, nilimwona machoni. Mtu aliyevunjwa mkono na ng'ombe anataka kitu cha kumshikia ng'ombe kwa nguvu zaidi, na mimi simlaumu.

Bwana mifugo alipita mchana kumwangalia Yanga pua. Nikamwuliza yeye angefanya nini. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na kile kifaa cha betri kwenye uso wa ng'ombe mwenye kidonda yeye hataki kukiona. La pili ndilo lililotusaidia. "Msitazame begi la fundi," alisema. "Mwombeni awapeleke kwa ng'ombe aliowafundisha zamani. Mwone wanafanya nini sasa hivi, akiwa hayupo."

Tulimwomba, na kijana hakukataa. Kesho yake alitupeleka kwa familia moja mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Maksai walikuwepo, wamenona, wamelala chini ya mti. Mwenye nyumba akatuambia walilima vizuri sana msimu mmoja. Msimu uliofuata mnyororo wa hatamu ukakatika, na tangu hapo hawashikiki. "Tunamngoja fundi atuletee mwingine," akasema, tena bila kulalamika. Kijana akaangalia chini. Akasema mnyororo anao, ataleta wiki ijayo.

Nilimhesabia mama njia nzima ya kurudi. Maksai wawili walioliwa fedha, walioliwa muda, wamelala kwa kukosa mnyororo wa elfu kumi na tano. Je, walifundishwa wao, au kilichofanya kazi ni mnyororo?

Maksai wenye plau utawaona zaidi ukishuka Biharamulo, kwa wakulima waliohamia kutoka Usukumani ambako kulima kwa ng'ombe ni jambo la kila nyumba. Bwana mifugo alimjua mzee mmoja upande wa Nyakahura. Tukaenda sote, hata mama, ambaye hajapanda basi tangu msiba wa baba.

Mzee tulimkuta ameketi kwenye kigoda anasuka kamba ya katani. Nilimwambia "Mwangaluka, baba," naye akainua kichwa kwa furaha, maana kwa huku Kisukuma si lugha ya kila mgeni. Binti alimpa shikamoo. Tulimweleza shida yetu, na hakusema neno juu ya bei wala vifaa. Aliuliza swali moja: "Nikishaondoka, nani atatembea mbele yao?"

Shemeji akasema yeye, na likizo labda mtoto huyu, kwa sababu mkono wake haujawa na nguvu. Mzee akamtazama binti. "Huyu? Msichana na ng'ombe?"

Mama mkwe wangu ni mpole, lakini hapo alijibu kabla yangu. "Baba, hilo shamba limelimwa na mwanamke kwa jembe miaka arobaini. Ng'ombe ndiye mgeni." Mzee akacheka, suala likaishia hapo.

Maksai wake wanne walikuwa wanarudi malishoni. Aliyewaleta alikuwa mjukuu wake, mvulana mdogo kuliko binti yangu, mikononi ana kijiti tu. Mzee alimwambia awasimamishe. Mvulana akatoa sauti moja ndefu ya chini, ng'ombe wakasimama. Akamwambia awageuze. Aliwageuza kwa kwenda kusimama upande wa bega la yule wa kulia. Hakumgusa. Pua zao zilikuwa nzima zote. Mmoja alikuwa na kamba ya katani pembeni mwa pembe, imelegea, imeoshwa na mvua mpaka imekuwa nyeupe.

Tuliuliza amewapataje namna ile. Badala ya kueleza alimpa binti ncha ya kamba aishike, yeye akashika ncha nyingine na kuvuta polepole. Binti akajikaza. Mzee hakuongeza nguvu wala hakupunguza, alishikilia tu. Baada ya muda binti akachoka, akasogea hatua moja, na papo hapo mzee akalegeza. Akavuta tena. Safari hii binti alisogea mapema. Mara ya tatu kamba ilikuwa haijakaza vizuri, tayari ameshatembea.

"Nimekufundisha wakati gani?" mzee akamwuliza. "Nilipovuta?"

Binti alifikiri. "Ulipoacha kuvuta, babu."

Nimesimulia hili mara nyingi tangu nirudi. Kuvuta humsumbua ng'ombe. Kinachomfundisha ni kule kulegeza, na kulegeza kunatakiwa kuje saa ileile anapojaribu, hata kama amejaribu kidogo. Mtu asiyejua kulegeza, ukimpa pete ya pua, mnyororo au betri, unampa nguvu zaidi ya kukosea. Na anayejua anahitaji kamba.

Niliporudi Mwanza nilisoma habari za farasi, kwa ajili ya lile swali la kwenye basi. Mwaka 1858 Mmarekani aitwaye John Rarey alikuwa Uingereza akiwatuliza farasi walioshindikana, mmoja wao akiitwa Cruiser, dume aliyekuwa akifungwa chuma mdomoni kwa ukali wake. Rarey alionyesha kazi yake hadi mbele ya Malkia Victoria. Watu walilipa fedha nyingi na kuapa kutunza siri yake. Siri ilipovuja, walichoshika wengi ni ule mkanda aliokuwa akifungia mguu wa mbele wa farasi. Mpaka leo mkanda huo una jina lake. Subira yake, namna alivyomkaribia farasi na kumgusa mwili mzima bila papara, hiyo haikufungwa kwenye mfuko ikauzwa. Xenophon, askari wa Kigiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwishaandika kwamba farasi anayelazimishwa hafanyi kazi kwa kuelewa. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kale, na biashara ya fimbo za chungwa nayo ina wazazi wake.

Na kama unadhani haya ni ya wazungu na farasi zao, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye vijidudu vya kifua kikuu. Panya mmoja wao aliyeitwa Magawa alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Kifaa cha kumfundishia ni kidude kidogo kinacholia "tik" na kipande cha ndizi. Panya akipatia, "tik", anapewa ndizi. Ule mlio hauna uchawi, kazi yake ni kumwambia panya kwamba hapo ndipo umepatia. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi, na miezi hiyo haina njia ya mkato ya kununua dukani.

Mzee alitaka laki moja na nusu na chakula na mahali pa kulala kwa wiki tatu. Nusu tulipe akianza. Nusu ya pili, alisema mwenyewe, tulipe siku shemeji atakapolima mistari kumi yeye akiwa amekaa nyumbani kwa mama anakunywa chai. Sijawahi kumsikia fundi wa gari wala wa nyumba akitoa masharti ya namna hiyo.

Ila naye si malaika. Alishikilia kwamba ng'ombe asiyeanza kufundishwa mwezi ukiwa mchanga hatajifunza, ikabidi tumngoje siku mbili. Na nira yake ilikuwa mbaya. Nilipowatazama wale maksai wake kwa karibu niliona sugu na alama za vidonda shingoni. Alisema ndivyo ng'ombe wanavyokuwa, kama mkulima mwenye sugu mkononi. Bwana mifugo alikataa katakata. Nira inatakiwa iwe ya mti mwepesi, iliyorandwa ikawa laini, iliyochongwa mahali inapokaa juu ya shingo, na ng'ombe wawe na kimo kinachokaribiana, la sivyo mmoja anabeba kazi ya wawili.

Unajua nani aliijua nira vizuri? Yule kijana wa begi. Siku ile kwa mama alikuwa amewapima Simba na Yanga shingo kwa futi kamba, na alisema jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza, kwamba nira ya palizi hurefushwa kuliko ya kulimia ili ng'ombe wapite nje ya mistari ya mahindi. Kumbe baba yake alikuwa seremala. Tulimrudia, tukamwagiza nira mbili kwa elfu sitini. Alikubali kwa moyo mkunjufu kuliko nilivyotarajia, akaleta kazi safi. Mzee alizipapasa, akanuna, akasema ni laini kama kitanda cha bibi harusi. Lakini alizitumia.

Kwa hiyo sisemi vifaa ni upuuzi. Nira, mnyororo wa kuvutia na plau vinabeba uzito, na hapo ukibana fedha anayelipa ni shingo ya ng'ombe. Ninachokiogopa ni kifaa kinachonunuliwa ili mtu asilazimike kujifunza.

Siku tatu za kwanza mzee hakufanya kitu. Ndivyo mama alivyoona. Alikaa zizini, akavuta kiko, akawafunga njeku kamba za katani kwenye pembe na kuwaacha waziburute. Kila wakizikanyaga wanajivuta wenyewe, kisha wanajiachia wenyewe kwa kusimama. "Tunamlipa kukaa?" mama aliniuliza jikoni. Mimi pia nilikuwa najiuliza.

Siku ya nne alianza kuwaongoza, asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali, saa moja au mbili tu, halafu basi. Simba alikuwa mwepesi. Yanga, kila mkono ulipokaribia uso wake, alitupa kichwa na macho yakatoka. Mzee alimwambia binti aache kwenda kwa mbele. Ng'ombe anaona karibu pande zote, asikoona ni nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo simama begani, akujue uko wapi. Alimpa maganda ya ndizi na chumvi kidogo, akamwambia amlishe pale begani kila jioni, na mkono usiende puani mpaka pua yenyewe ije mkononi.

Kitu kingine alichomrudia kila siku mpaka nikakichoka: kamba isizungushwe mkononi. Ikunje, ishike kama unavyoshika kitabu, na ng'ombe akikushinda, achia.

Siku ya saba alimpa binti kamba ya Yanga nje ya zizi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kahawa, na nakiri nilitaka kukataa. Walikwenda vizuri hatua labda thelathini. Pikipiki ikapita barabarani ikalipua moshi. Yanga akaruka pembeni, kamba ikakaza, nikaona mkono wa shemeji uliovunjika, nikaona mkono wa mwanangu, nikapiga kelele. Binti aliachia.

Ng'ombe alikimbia kama mita ishirini, akasimama. Hakukuwa na mnyororo uliombana taya wala pete iliyochana kitu, basi hakuwa na cha kukimbia zaidi ya ile pikipiki, na pikipiki ilikuwa imekwenda. Mzee hakuinuka kwenye kigoda. Binti alisubiri, akapita kwa upande, akasimama begani. Muda ulikuwa mrefu. Halafu Yanga aligeuza kichwa, akaleta ile pua yenye kovu kwenye mfuko wa sketi yenye maganda ya ndizi.

Shemeji alikuwa karibu yangu. Hakusema neno. Alikuwa anajisugua kifundo cha mkono.

Sisi tuliondoka siku mbili baadaye kwa sababu shule zilikuwa zinafungua. Mengine nimeyapata kwa simu: walivaa nira wiki ya pili, wakavuta gogo, wakavuta mkokoteni mtupu. Simba alikuwa akimsukuma mwenzake pembeni, na kijiji kizima kikasema tulionywa. Mzee alizidisha siku nne juu ya zile wiki tatu, bila kudai nyongeza zaidi ya sukari. Mistari kumi ililimwa, yeye akiwa kwa mama anakunywa chai, lakini mama anasema alikuwa anachungulia. Akalipwa nusu yake.

Yule kijana wa begi alikuja kuwatazama. Shemeji anasema siku hizi amechonga nira za watu watatu, na wale maksai waliokuwa wanangoja mnyororo alikwenda kuwaanza upya kwa kamba. Sijui anaendeleaje nao, ila nimefurahi kusikia.

Mvua za Septemba zilipoanza, binti alinipokonya simu shemeji alipopiga.

"Baba mdogo, Yanga anageuka kushoto sasa?"

Nilisikia shemeji anacheka upande wa pili. "Akitaka."